Wimbo wa "Upo?" na Jibu Lililokatwa

Sogeeni, mkeka ni mpana, na aliyeusuka hachukii miguu yenye vumbi. Ni Bi Sikujua wa Kibiti, na habari hii ni yake.

Ukifika Kibiti ukamwulizia, watu watakuuliza kwanza, yupi, wa mikeka? Ukisema yule aliyeimba "Upo?", vijana watakutazama kana kwamba unawatania. Wimbo wenyewe wanaujua. Umepigwa harusini, umepigwa baa na saluni, umepigwa hadi umechakaa. Lakini kwamba ile sauti nyembamba ya msichana ilitoka kwenye koo la bibi huyu anayekaa barazani na ukindu mapajani, hilo hawalijui, naye hana tabia ya kujitangaza. Akisikia wimbo unapita kwenye redio ya pikipiki, vidole vyake vinasimama kidogo, halafu vinaendelea kusuka.

Wimbo ule ulianzia kwenye mpunga. Siku za usichana wake, kila nyumba yenye shamba katika bonde la mto ilijenga dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, ili anayelinda aone mbali na kiboko apite chini bila kumdhuru. Mpunga ukishaanza kubeba, wasichana walipanda madunguni alfajiri kuamia ndege, wasiule. Kila mmoja alikuwa na kamba ndefu yenye makopo matupu, inayokwenda hadi mwisho wa shamba. Unaivuta, makopo yanalia kule mbali, ndege wanaruka wote kwa pamoja na kwenda kutua kwa jirani. Jirani naye anavuta yake, wanarudi kwako. Kazi ya siku nzima ndiyo hiyo, na jua liko utosini.

Na kulikuwa na sheria. Mwenzako akikaa kimya sana, unamwita kutoka dungu lako: "Upo?" Naye lazima ajibu: "Nipo." Hata kama jana mmetukanana kisimani, hata kama mdomo umejaa muhogo, anajibu. Ukiita mara tatu usijibiwe, unateremka. Unawaacha ndege wale watakavyo na kwenda kumtazama, maana huenda kaumwa na nyoka, huenda ni homa, huenda kalala tu. Anayeita ndiye anayeteremka. Hilo hakuna mtoto wa bondeni ambaye hakulijua.

Dungu lililokuwa jirani na la Sikujua lilikuwa la Maimuna. Hawa wawili walitobolewa masikio siku moja na bibi mmoja, na sikio la Maimuna lilipofanya usaha, Sikujua naye alivua kipuli chake ili mwenzake asionekane peke yake hana. Hao walikuwa wakiitana hata pasipo haja. Sikujua anauliza kwa sauti nyembamba, Maimuna anajibu kwa ile sauti yake nene iliyoburuta mwisho, "Nipooo," na makopo katikati yao yanalia.

Siku moja akapita Ridhiwani. Huyu alikuwa kijana wa Kimatumbi, wazazi wake walishuka kutoka milima ya kusini kuja kulima Kibiti. Alikuwa amekaa Dar es Salaam kwa mjomba wake, akarudi na gitaa la umeme, spika moja, na kichwa kilichojaa muziki wa roki. Spika ile aliichana karatasi yake kwa wembe, ili gitaa lingurume kama lile alilolisikia kwenye sahani za santuri za mabaharia. Watu walimcheka sana. "Kapata spika nzima, kaichana," walisema. "Ndio Wamatumbi hao." Alikuwa amepita kununua mpunga. Akasikia makopo, akasikia "Upo?" na "Nipo", akakaa chini ya dungu la Sikujua mpaka Sikujua akamtupia bonge la udongo.

"Wewe, unaangalia nini huku chini?"

"Siangalii. Nasikiliza."

"Basi kasikilize kwenu."

Kesho yake akarudi na gitaa.

Hivyo ndivyo wasichana wawili wa mpunga walivyojikuta kwenye bendi iliyoitwa Roketi ya Bonde, na hivyo ndivyo walivyopanda gari kwenda Dar es Salaam kurekodi, wamebeba kamba ya makopo ndani ya kikapu. Fundi mitambo alipoyaona makopo alicheka, kisha akayasikiliza, kisha akayasogezea kipaza sauti. Maimuna alitolewa nje, akasimamishwa kwenye korido mlango ukiwa wazi, ili jibu lake lisikike kama linatoka ng'ambo ya shamba. Wimbo ulianza kwa makopo peke yake. Gitaa likaingia likinguruma, ngoma ikafuata, Sikujua akaimba habari ya jua na ndege na mwenzake aliyenyamaza. Mwishoni kila kitu kikakatika, Sikujua akauliza, "Upo?" Kimya. "Upo?" Kimya. "Upo?" Na hapo, kutoka mbali, likaja: "Nipooo." Gitaa likarudi, na wote ndani ya chumba wakajikuta wana machozi.

Ndio ulivyorekodiwa. Sasa sikilizeni ulivyotoka.

Ulipotoka redioni, uliishia kwenye "Upo?" ya tatu. Kimya, halafu mtangazaji anaingia na matangazo yake. Nchi nzima ikaupokea kama wimbo wa mwanamke aliyeachwa. Wanawake walioachwa na waume zao waliuomba, askari waliokuwa mbali na nyumbani waliuomba, na kila mtu alijua jibu halipo.

Sikujua alimwendea Ridhiwani mbio. "Maimuna yuko wapi kwenye wimbo?"

Ridhiwani akainama kama mtu mwenye kubeba habari ngumu. "Dada yangu, mwenyewe alikuja akaniomba nimtoe. Anasema baba yake kakasirika. Anasema wewe ndiye uliyemtia kwenye mambo ya muziki, na hataki tena kuonekana na wewe. Mimi sikutaka kukwambia."

Sikujua aliumia, akaamini. Mtu aliyevua kipuli kwa ajili ya mwenzake, leo anaambiwa kamharibu mwenzake huyo huyo. Msimu uliofuata alipanda dungu lake, na alfajiri ya kwanza akaita. "Upo?" Mara moja, mara mbili, mara tatu. Hakuna jibu. Alikiona kichwa cha Maimuna juu ya dungu lake, kimefungwa kanga nyekundu, kimeelekea upande mwingine. Hakuumwa na nyoka, hakuwa na homa, wala hakulala. Sikujua akajiambia, mzima huyu, hataki tu. Akavuta kamba yake, makopo yakalia. Hakuteremka.

Mwaka ule ule Maimuna akaolewa Kiongoroni, mbali kabisa kwenye delta, karibu na bahari.

Wimbo uliendelea na maisha yake bila wao. Miaka kadhaa baadaye Ridhiwani aliurekodi upya kwa ajili ya kanda za kaseti. Makopo yakaondolewa, ikawekwa mashine ya kinanda inayolia tiki-tiki. Spika iliyochanwa ikaachwa, gitaa likawa safi kama la harusini. Sikujua alikuwa na mimba ya mwanawe wa pili, na badala yake aliuliza Ridhiwani mwenyewe, kwa sauti ya mwanamume anayebembeleza. Wengi wenu mnaijua hiyo. Halafu vijana wa mjini wakaichukua ile sauti ya kwanza ya Sikujua, wakakata neno moja tu, "upo", wakalirudiarudia juu ya midundo yao, upo-upo-upo-upo, kama mbuzi aliyekwama kwenye ua. Likapigwa kwenye kituo cha mabasi cha Ikwiriri kutwa. Kila wimbo ulipozaliwa upya ulikuwa umepungua kitu, na kilichopungua kwanza kabisa, kabla ya vingine vyote, kilikuwa sauti ya Maimuna.

Sikujua hakumlaumu Ridhiwani kwa lolote. Alikuwa kaka yake. Mume wa Sikujua alipofariki, Ridhiwani alikuwa miongoni mwa walioingia kaburini kumpokea. Idd haikupita bila mfuko wake wa sukari kufika Kibiti. Binti yake, Nasra, alikua akimwita Sikujua shangazi. Na kila Sikujua alipouliza kama ile kanda ya kwanza yenye jibu ipo mahali popote, Ridhiwani alitikisa kichwa kwa huzuni. "Ilikwenda na yale mafuriko makubwa, dada yangu. Maji yaliingia mpaka kitandani." Sikujua akasikitika pamoja naye. Alichotaka ni kusikia tena "Nipo" ile, hata mara moja, kabla macho yake hayajafumba. Kumwendea aliyeisema hakuweza. Aliona bora aisikie kwenye kanda.

Basi mwaka huu, siku moja asubuhi, jua likiwa kali, Bi Sikujua alikuwa uani akitia ukindu rangi. Sufuria ya rangi nyekundu imeshaepuliwa, iko mbele yake, mikono imezama hadi karibu na viwiko, simu iko juu ya kinu. Ikalia. Akaibonyeza kwa kiwiko; alikuwa Nasra.

"Shangazi, shikamoo. Umekaa?"

"Marahaba mwanangu. Nimesimama, natia rangi."

"Basi kaa. Nilikuwa natoa vitu chumbani kwa baba nimpakie chokaa. Nikakuta sanduku, ndani kuna kanda, ile duara kubwa. Nikaipeleka Dar kwa mtu ana mashine za zamani, kaihamisha. Shangazi, ni ule wimbo. Mzima. Na jibu lipo."

Bi Sikujua akasogeza sikio karibu na kinu.

"Nimekutumia. Nataka tuutoe upya, tufanye sherehe hapa Ikwiriri, wewe na baba mkae mbele. Sikiliza mpaka 'Nipo', baada ya hapo kuna makelele tu ya watu, usisubiri. Mimi mwenyewe sikusubiri."

Mjukuu wa jirani akaja kuuwasha, akaondoka zake. Wimbo ukaanza. Makopo. Bi Sikujua aliposikia makopo alifunga macho, na mikono yake ikabaki ndani ya sufuria iliyokuwa imeshapoa kidogo. Gitaa likanguruma. Akajisikia mwenyewe, msichana yule asiyejua chochote, akiuliza mara moja, mara mbili, mara tatu. Halafu Maimuna akajibu. Ilikuwa nene vile vile, ikaburuta vile vile. Bi Sikujua akalia kimya kimya, na kwa kuwa mikono ilikuwa na rangi hakuweza kujifuta.

Kwa sababu hiyo hiyo hakuweza kuzima simu.

Gitaa likaisha, kanda ikaendelea kuzunguka. Akasikia mlango, akasikia miguu yake mwenyewe ikikimbilia korido, kisha wasichana wawili wakicheka huko nje, kicheko cha watu walioshikana mabega. Na juu ya kicheko hicho, karibu kabisa na kipaza sauti, ikaja sauti ya kijana ikisema chini chini:

"Hili jibu la mwishoni tulikate. Uishie anapouliza mara ya tatu."

Sauti nyingine, ya fundi: "Unaharibu, bwana. Na wale mabinti watakubali?"

"Hao niachie mimi. Yule wa nje nitamwambia mwenzake hakutaka kugawana jina. Huyu nitamwambia mwenzake ana aibu na baba yake mkali. Kila mmoja atamnunia mwenzake, hakuna atakayeninunia mimi."

"Wakiulizana je?"

"Hawatateremka hao. Nawajua."

Kicheko cha korido kilikuwa bado kinaendelea kanda ilipokatika.

Bi Sikujua alitoa mikono sufuriani. Ukindu wa siku ile uliungua kwa rangi, hadi leo anao, mwekundu mno, haufai kusukia kitu.

Alifika Ikwiriri kabla ya adhuhuri, mikono ikiwa bado myekundu. Ridhiwani, ambaye sasa huitwa Mzee Roketi hata na wasiojua kwa nini, alikuwa amekaa kwenye baraza ya nyumba yake ya wageni, ananyolewa ndevu. Akamwondoa kinyozi kwa mkono.

"Karibu dada. Kumbe nawe umepaka hina kwa ajili ya sherehe."

"Si hina."

"Nasra kakutumia? Umesikia makopo yale? Siku hizi hawawezi kupata mlio kama ule, hata wafanyeje."

"Nimesikia yote, Ridhiwani. Na yaliyo baada ya wimbo."

Akaweka simu kwenye kiti katikati yao, akaiacha iseme. Ridhiwani alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande mmoja, povu la sabuni likimkauka shavuni. Alipomaliza kujisikiliza, alichosema kwanza kilikuwa hiki:

"Sauti yangu ilikuwa nzuri."

"Uliniambia kanda imechukuliwa na maji."

"Ilipata maji. Sanduku lilirowa pembeni."

"Ridhiwani."

"Haya." Akajifuta shavu. "Ulitaka nifanyeje, dada yangu? Mtu akiita akajibiwa, msikilizaji anakwenda zake kula. Akiita asijibiwe, msikilizaji analala nao ule wimbo. Ungekuwa na jibu ungepigwa mwezi mmoja na kusahaulika. Umeishi kwa sababu niliukata. Fundi hakuliona, mimi nililiona."

"Ungeniambia. Ungesema, Sikujua, jibu tunalikata. Ningenuna siku mbili yakaisha. Mbona ulikata la kwenye kanda, ukaenda kukata na la bondeni?"

Mzee akajifuta povu lililobaki. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma Bi Sikujua zaidi.

"Kama ningewaambia pamoja, mngekataa pamoja. Mlikuwa wawili, mimi nilikuwa mmoja. Lakini la bondeni mlilikata wenyewe. Mimi sikuwa na dungu kule."

Bi Sikujua akachukua simu yake. Umri wote ule alikuwa amempikia mtu huyu, amemtetea kwa majirani waliomwita mjanja, amemwombea dua alipotolewa mtoto wa jicho. Akakumbuka tu ile mifuko ya sukari, akatamani angeweza kuitapika.

Nasra alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Alimfuata hadi barabarani, ushungi umemwanguka.

"Shangazi, wallahi sikujua. Nitaikata pale pale baada ya 'Nipo'. Watu hawana haja ya kuyasikia hayo."

"Mimi ninayo haja. Uache kama ulivyo."

"Ni baba yangu, shangazi."

"Na mimi alikuwa kaka yangu."

Siku iliyofuata alichukua mkeka mmoja, mzuri kuliko yote aliyokuwa nayo, akapanda gari la Nyamisati, na pale akapata boti ya mashine ya kijana aitwaye Huseni anayepeleka unga na sabuni Kiongoroni. Huseni alimwambia mapema, "Bibi, maji yakianza kupwa mimi nageuza. Mkondo ule ukibaki tope tutalala na kaa." Bi Sikujua akasema hana maneno mengi.

Alimkuta Maimuna kwenye uwanja uliokuwa juu kidogo ya ukingo wa mkondo, anaanika uduvi kwenye jamvi. Mgongo umepinda, kichwani kanga nyekundu.

"Hodi."

"Karibu," Maimuna alisema bila kugeuka. Kisha akageuka. Akatazama mkeka, akatazama mikono. "Sikujua."

"Ni mimi."

"Umenenepa."

"Wewe umekonda."

"Uduvi haunenepeshi. Kaa."

Wakakaa. Bi Sikujua hakujua aanzie wapi, akawasha simu. Makopo yalipolia, kuku wawili wakakimbia. Maimuna alisikiliza huku vidole vyake vikichambua takataka kwenye uduvi, mpaka aliposikia sauti yake ya usichana. Vidole vikatulia.

"Nilikuwa nimesimama na ndoo ya deki," akasema. "Pale korido. Nikajisemea, leo nchi nzima itanisikia, nami nimesimama na ndoo ya deki."

Kikaja kicheko, na juu yake maneno. Bi Sikujua alimtazama usoni akingoja kuona mshtuko. Hakuuona. Maimuna aliyasikiliza kama mtu anayesikiliza khutba aliyokwisha kuisikia.

"Ulikuwa unajua," Bi Sikujua akasema.

"Alikuja. Mwaka wa yale mafuriko makubwa. Aliogopa atakufa, watu wengi walikuwa wakifa. Akakaa hapo ulipokaa, akanitaka radhi, akalia. Nikamsamehe. Akaniomba nisikuletee habari, akasema atakwambia kwa kinywa chake."

"Hakuniambia."

"Nimeona."

"Na wewe miaka yote hii ukanyamaza. Yeye nimezoea sasa, tangu jana nimezoea. Lakini wewe, Maimuna. Ulikuwa unajua kwamba sikukutoa, ukaniacha nifikiri unanichukia."

Maimuna akasogeza jamvi lake likae sawa, ingawa lilikuwa sawa. "Msimu ule uliita mara tatu. Nilihesabu. Nilinyamaza makusudi, nikasema atateremka, akija nitamuuliza uso kwa uso kwa nini kanitoa. Nilikaa na mgongo wangu nimekupa, nasikiliza miguu yako kwenye ngazi. Nikasikia unavuta makopo."

"Nilikiona kichwa chako. Nilijua huumwi."

"Nilikuwa naumwa, Sikujua."

Huko chini Huseni akapiga mluzi. Maji yalikuwa yameanza kuondoka.

"Na ulipojua ni uongo wa Ridhiwani," Bi Sikujua akasema, "kwa nini hukuja wewe?"

"Anayeita ndiye anayeteremka. Mimi sikuita."

Hapo Bi Sikujua akainuka. Kuna hasira ya kudanganywa na mtu mjanja, hiyo ina mahali pa kuishika. Hii nyingine haikuwa na mpini. Kaka aliyemfanya dada kumbe alimhesabu kama makopo yake, na rafiki aliyemlilia kumbe alikuwa amekaa juu ya ukweli kama kuku juu ya yai, akingoja sheria. Na yeye mwenyewe alikuwa amevuta kamba. Aliuacha mkeka pale pale ulipokuwa, haujafunguliwa, akashuka hadi kwenye boti bila kuaga.

Huseni akawasha mashine, akaisukuma boti kutoka ukingoni kwa upondo. Walikuwa bado katikati ya mikoko, karibu vya kutosha kuona uduvi ukimetameta, iliposikika:

"Upo?"

Nene, inaburuta mwisho. Ilikuwa mara ya kwanza maishani Maimuna kuliita neno hilo. Siku zote alikuwa mwenye kujibu.

Bi Sikujua akatazama mbele.

"Upo?"

"Bibi," Huseni akasema, "unaitwa."

"Nasikia."

"Sasa mbona hujibu?"

Ikaja ya tatu, imekatika katikati kwa kukohoa. Halafu kimya, kama ule wa redioni ambao nchi nzima iliulilia. Bi Sikujua alijizuia asigeuke, akajizuia tena, kisha akasikia kitu kingine, mlio mzito wa mguu unaong'olewa kwenye tope. Akageuka. Maimuna alikuwa ameshuka ukingo. Kanga ameipandisha magotini, tope limemmeza hadi kwenye mashavu ya miguu, anashika mizizi ya mikoko kwa mikono miwili, anachagua pa kukanyaga, hatazami boti. Anateremka.

"Zima mashine," Bi Sikujua akasema.

"Bibi, maji yanakwisha."

"Basi tutalala na kaa. Zima."

Alikaa Kiongoroni mpaka sherehe ya Ikwiriri ikapita bila yeye. Wanasema Mzee Roketi alikaa mbele peke yake, akapigiwa makofi. Wimbo ulitoka upya, na watu waligawanyika. Wako waliofurahi kusikia jibu baada ya umri wote huo, na wako waliosema afadhali ule wa zamani, huu umeharibiwa.

Nasra aliwatumia. Waliusikiliza wakiwa wamekaa juu ya ule mkeka, bakuli la uduvi katikati yao. Makopo yapo. Spika iliyochanwa ipo. "Upo?" mara tatu, na "Nipooo", safi kama jana. Wakangoja kicheko chao. Gitaa likaisha na simu ikanyamaza.

"Kicheko wamekitoa," Maimuna akasema.

"Baba yake alikuwa anasema juu ya kicheko hicho hicho. Asingeweza kumtoa baba akatuacha sisi."

Maimuna akatafuna kidogo. "Ile yako ya kwanza bado unayo?"

"Ninayo."

"Weka hiyo."

Bi Sikujua akaitafuta, akaiwasha, wakaivumilia hadi mwisho. Mlango ukafunguka, miguu ikakimbia, wasichana wawili wakaanza kucheka kwenye korido karibu na ndoo ya deki. Ridhiwani naye akaanza kusema. Walisogeza masikio yao kwenye simu, wakajaribu kusikiliza kimoja bila kingine.